Alama Nne za Mgeni Rasmi

Katika chuo chetu cha ualimu hakuna kitu kinachoruhusiwa kufa kabla hakijaundiwa kamati. Chumba cha sanaa nacho kiliundiwa ya kwake mwezi wa kwanza, siku tatu baada ya maboksi ishirini ya kompyuta kushushwa kwenye korido, mbele ya ofisi ya Mkuu wa Chuo, na kukosa pa kwenda. Mwezi wa tano yalikuwa bado pale pale, yamezoeleka kama benchi. Wakufunzi waliokuwa wakipita na chai waliegesha vikombe vyao juu yake, wakazungumzia maendeleo ya teknolojia, wakaenda zao.

Mkuu wa Chuo, ambaye wanafunzi humwita Bwana Kuhusu kwa sababu hawezi kutaja hata mvua bila kuanza na "kuhusu suala la", aliona kwamba chumba kinachofaa kwa kompyuta ni kile cha sanaa tu. Kina madirisha manne makubwa, sakafu imara, na mwalimu mmoja tu wa kuhamishwa. Mwalimu huyo ni mdogo wa mke wangu. Wanafunzi humwita Mama Rangi. Amefundisha uchoraji humo kwa miaka kumi na miwili, na katika mpango wa Bwana Kuhusu angehamia chini ya ngazi za jengo la utawala, mahali ambapo mtu wa kimo cha kawaida husimama akiwa ameinama na mwanga huja kwa bahati.

Mama Rangi hakulia wala hakuandika barua. Aliomba msimu.

"Nipeni wiki sita," aliiambia kamati. "Picha chumbani kwangu kila siku, na muziki ukumbini kila Ijumaa alasiri. Watu waje, waone, ndipo muamue."

Ukumbi unapakana na chumba chake, na kwa kuwa mlango mkubwa wa ukumbi uligoma kufunguka tangu ulipopakwa rangi mara ya mwisho, kila aliyetaka kusikiliza muziki angelazimika kupita katikati ya picha. Sijawahi kumuuliza ni nani aliyeupaka mlango ule rangi.

Bwana Kuhusu alikubali, kisha akaweka sharti.

"Kuhusu suala la ushahidi, kutakuwa na kitabu cha wageni. Kila mgeni ataandika maoni yake. Mwisho wa msimu Mwenyekiti wa Bodi atakisoma kitabu hicho mwenyewe. Kikionyesha kwamba sanaa ina faida, chumba kibaki. Kisipoonyesha, kompyuta ziingie."

Akagonga mhuri kila ukurasa na kuutia namba, kurasa mia mbili, ili asipatikane wa kuchana hata mmoja. Kisha akatafuta wa kukilinda.

"Awe Rula," alisema.

Rula ni mimi. Ninafundisha upimaji, maana yake ninawafundisha walimu watarajiwa namna ya kutunga maswali na kusahihisha majibu. Ni somo ambalo halijawahi kumfurahisha mtu yeyote isipokuwa anayelifundisha.

"Lakini huyu si shemeji yake?" mjumbe mmoja aliuliza.

"Kuhusu suala hilo sina wasiwasi. Rula hawezi kumpendelea hata mama yake mzazi."

Kamati ilicheka. Mimi nilipokea maneno hayo kama sifa, na mpaka leo naamini yalikuwa sifa.

Niliweka meza yangu mlangoni mwa chumba cha sanaa na kuielekeza nje, ili nimwone kila anayeingia. Picha thelathini na nane za wanafunzi zikawa mgongoni mwangu. Juu ya meza kilikaa kitabu, na kando yake kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, maana umma ni umma. Kalamu yangu nyekundu ilikaa mfukoni, mahali pake pa siku zote.

Wiki ya kwanza walikuja watu arobaini na watatu. Waliandika kama ifuatavyo: "Nzuri sana." "Hongereni." "Nzuri sana, hongereni." "Kazi nzuri, endeleeni." Mmoja aliandika "Kama hao juu," akatia sahihi ya kujivuna iliyochukua mistari miwili. Ijumaa kwaya ya wanafunzi iliimba, watu wakapita mbele ya picha wakitembea kwa mwendo wa mtu anayewahi kiti, na baada ya wimbo wa mwisho wakatoka kwa mwendo wa mtu anayewahi chakula.

Mama Rangi alikuwa akija kila jioni kusoma. Alipekua kurasa, akakifunga kitabu taratibu.

"Shemeji, hawa wanatuzika," alisema. "Mwenyekiti akisoma hivi ataona nini? Ataona kadi ya pole."

Kazi yangu ilikuwa kulinda kitabu, si kukitia akili.

Jumatano ya wiki ya pili lilitokea jambo ambalo nalieleza bila kujitetea. Wageni walikuwa wachache, nami nilikuwa nimekuja na majaribio ya mwaka wa pili, karatasi sitini na nane, ili muda usipotee. Nilisahihisha saa mbili mfululizo. Mkono wa mwalimu ni kama punda wa maji: ukishaizoea njia hauulizi unakwenda wapi. Karatasi zikaisha, mkono ukaendelea. Nilipofika kwenye jibu lililosema "Karibuni na kwetu pia," nilijiuliza ni mwanafunzi gani huyu mwenye ukarimu wa kupindukia, nikainua macho, nikauona mhuri wa Bwana Kuhusu katikati ya ukurasa.

Nilikuwa nimesahihisha wageni kumi na mmoja.

Wino mwekundu haufutiki. Ndiyo sababu tunautumia. Pembeni mwa "Nzuri sana" ya kwanza nilikuwa nimeandika: *Nzuri kwa vipi? Toa mfano. 3/10.* Ya pili: *Jibu hili limenakiliwa kutoka kwa jirani. 1/10.* Aliyeandika "Kama hao juu" alipata sifuri, na chini yake: *Nione.*

Mama Rangi alipofika jioni alisoma ukurasa wote kimya. Midomo yake ilikuwa ikicheza, nami sikujua kama inaelekea kwenye kicheko au kwenye matusi.

"Shemeji, umewasahihisha wageni?"

"Niliteleza."

"Wanasema kuteleza si kuanguka. Lakini mtu akiteleza mara kumi na moja kwenye ukurasa mmoja, huyo anacheza dansi." Akakaa juu ya ukingo wa meza. "Ukurasa hauchaniki. Una namba. Mwenyekiti ataukuta. Ningetaka adui, ningemtafuta nje ya ukoo."

Nyumbani mke wangu alinipakulia chakula bila neno, jambo ambalo katika nyumba yetu ni hotuba. Alipomaliza kula ndipo alipofungua mdomo. "Mdogo wangu ana chumba kimoja tu duniani kinachomwelewa. Ukimkosesha, utakuja kuchora wewe hapa sebuleni, nami nitakusahihisha."

Ijumaa ya wiki ile matarumbeta ya mwaka wa tatu yalipiga, na fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara alirudi kwa mara ya pili. Wiki iliyotangulia alikuwa ameandika "Nzuri sana." Alikifungua kitabu ili aandike tena vile vile, akaiona tatu yake.

"Nani kanipa tatu?"

"Ni mimi, mama."

"Tatu ya nini? Mimi shule nilimaliza, na nikafaulu."

"Sina shaka. Lakini hapa umesema nzuri, hukusema nzuri kwa vipi."

Alinitazama kama mtu anayenipima koti la kuzikiwa. Kisha akapita, akaingia kwenye picha, na muziki ukaanza bila yeye. Nilisikia nyuma yangu viatu vyake vikitembea, vikisimama, vikirudi, vikisimama tena kwa muda mrefu sana. Alipotoka aliivuta kalamu ya bluu mpaka uzi ukakaza, akaandika mistari sita. Alisema yule mwanamke aliyechorwa akishona amewekewa kitambaa upande usio wake; kwamba mkono wa kushoto uko karibu mno na sindano; kwamba mchoraji ni hodari wa nyuso lakini hajawahi kukalia cherehani; na kwamba, hata hivyo, uchovu wa mabega ni wa kweli kabisa, "mpaka nimesikia maumivu yangu."

Nilisoma, nikaandika *9/10.*

"Moja iko wapi?" aliuliza.

"Hukutaja namba ya picha."

Akaongeza: *Namba 14.* Nikampa kumi. Alikitazama kile kitabu kwa muda, kisha akatoka, akavuka barabara huku akitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Jumatatu alikuja na majirani wanne. Jumanne akaja seremala, akatukosoa fremu zote moja moja, akapata tisa. Akaja tarishi mstaafu, mzee aliyetuambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kuvuka sita katika somo lolote; alikuja siku tatu mfululizo, akapata tano, sita, na siku ya tatu saba, akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Yule wa "Kama hao juu" alikuja kuniona, kama nilivyomwagiza, akarudia mtihani kwa heshima. Mji mzima, ilionekana, ulikuwa na kidonda cha alama tangu utotoni na ulikuwa ukingoja mtu wa kukikwangua. Walisimama mbele ya picha kama watu wanaosoma tangazo la majina ya waliofaulu. Bila mimi kukusudia, walikuwa wakiangalia.

Mama Rangi aliacha kuniita adui. Alianza kuniletea chai.

Muziki nao haukusalimika. Ijumaa ya tatu iliimba kwaya ya wakufunzi, na mlinzi wa getini, mtu mpole asiyezungumza zaidi ya inavyotakiwa na mshahara wake, aliandika: "Safu ya nyuma, mtu wa tatu kutoka kushoto anafungua mdomo lakini haimbi. Nimemtazama nyimbo nne."

Nilimpa tisa. Kesho yake niliitwa ofisini.

Mtu wa tatu kutoka kushoto, safu ya nyuma, alikuwa amekaa nyuma ya meza kubwa.

"Kuhusu suala la ukurasa wa hamsini na moja," alianza Bwana Kuhusu.

"Maoni hayo yana ushahidi, Mkuu. Ametaja safu, nafasi na idadi ya nyimbo."

"Na ile moja uliyompunguzia?"

"Hakutaja majina ya nyimbo."

Alipumua kwa pua. Ningeweza kusema nilimwonea huruma, lakini kitabu cha upimaji hakina safu ya huruma. "Mwenyekiti anakuja Ijumaa ijayo kufungua maonyesho rasmi," alisema hatimaye. Maonyesho yalikuwa yameshafunguka wiki tatu, lakini kwetu kitu hakijafunguka mpaka kifunguliwe. "Nakuagiza: atakachoandika yeye, usikiguse."

"Nimekuelewa, Mkuu."

Kuelewa nilielewa.

Ijumaa ya nne chuo kilifagiliwa mpaka udongo ukaona haya. Kwaya ya wakufunzi ilitangulia kuimba saa nane ili koo zipashe moto, na safari hii Mkuu aliimba kwa sauti. Mlinzi wa getini alikuja mezani kabla hata ya wimbo wa pili kwisha. Aliandika: "Mtu wa tatu kutoka kushoto sasa anaimba. Wimbo ni ule wa kukaribisha wageni. Nawaomba radhi wenzangu wote." Ilikuwa kumi safi.

Mwenyekiti wa Bodi alifika saa tisa. Alikuwa mkandarasi wa majengo, mtu mpana, aliyeanza ujana wake kwa kubeba zege na bado akitembea kama mtu anayepima uimara wa sakafu kwa visigino. Aliingia na msafara wa watu kumi, simu ikiwa sikioni, Bwana Kuhusu akiwa bega kwa bega naye. Nilitazama saa. Wakati huo Mama Rangi alikuja akainama kana kwamba anaokota kitu chini ya meza.

"Shemeji," alininong'oneza, "kwa heshima ya dada yangu, hii moja iache. Akiandika 'nzuri sana', mpe tabasamu. Chumba changu kiko mkononi mwake."

"Sina tabasamu la namna hiyo."

"Basi kunja uso, lakini mkono ukae mfukoni."

Msafara ulitoka baada ya dakika saba. Mwenyekiti alichukua kalamu ya bluu, akaandika kwa mwandiko mzuri wa kuinamia kulia: "Maonyesho mazuri na yenye mafunzo makubwa kwa jamii. Hongereni sana." Watu wa msafara wakatikisa vichwa kana kwamba wamesomewa wosia. Nyuma yao, kwenye foleni ya watu waliosubiri kuandika, walikuwapo fundi cherehani, tarishi mstaafu, na seremala akiwa na penseli sikioni.

Fundi alinyoosha shingo.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "huyu kapata ngapi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba maagizo ya mkuu ni kitu kimoja, na macho ya watu uliowapa tatu ni kitu kingine. Tarishi yule alikuja siku tatu ili avuke sita. Nikiuacha mstari ule bila alama, nitakuwa nimewaonea wote, na saba yake itageuka karatasi. Mama Rangi alifumba macho. Nilitoa kalamu nyekundu. Mbili za mwandiko, mbili za adabu. Nikaandika *4/10*, na pembeni: *Mafunzo gani?*

Mwenyekiti alikuwa bado hajaondoka. Alivaa miwani.

"Nne," alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kati ya ngapi?"

"Kumi."

Alirudi ukurasa nyuma, akasoma, kidole kikishuka kwenye safu nyekundu. "Mlinzi wa geti ana kumi."

"Alisikiliza, Mheshimiwa."

"Na mimi sikutazama?"

"Dakika saba, picha thelathini na nane. Na katika dakika hizo, mbili ulikuwa kwenye simu."

Bwana Kuhusu alianza kikohozi ambacho kingefaa kupelekwa hospitali. "Kuhusu suala la huyu mwalimu, Mheshimiwa, hatua zitachukuliwa—"

"Ngoja." Mwenyekiti alimpa dereva simu yake. Kisha akanigeukia, na usoni mwake nikamwona kijana mmoja aliyekuwa akikaa dawati la nyuma miaka mingi iliyopita. "Kurudia kunaruhusiwa?"

"Wote wameruhusiwa."

Akarudi ndani peke yake.

Alikaa humo dakika hamsini. Ukumbini matarumbeta yalikuwa yamepangwa tayari kumpokea, na midomo ya wapigaji ikakauka, wakailowanisha, ikakauka tena. Msafara ulisimama mlangoni bila kujua uweke mikono wapi. Mama Rangi alikaa juu ya ukingo wa meza yangu akachana karatasi ya ratiba vipande vidogo vidogo, akavipanga kwa ukubwa. Nilimwona, nikajua kwamba ameharibikiwa, maana kupanga vitu ni tabia yangu, si yake.

"Ameganda namba ishirini na mbili," alisema kwa sauti ya chini. Yeye alikuwa akitazama ndani. Mimi nilikuwa nimeelekea nje, kama kawaida.

"Ishirini na mbili ni nini?"

Alinigeukia. "Wiki nne umekaa hapa, Shemeji."

Mwenyekiti alitoka, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaandika bila haraka. Alipomaliza alinigeuzia kitabu. Nilisoma kwa sauti, kwa sababu foleni nzima ilitaka kusikia.

"Picha namba 22, inaitwa *Zinasubiri*. Imechorwa kwa mkaa. Ni korido ya chuo hiki. Kuna maboksi ishirini ya kompyuta na juu yake vikombe saba vya chai, kimoja kina mfuniko. Nyuma ya maboksi kuna mlango wa mbao wenye kufuli lenye kutu. Mimi ni mjenzi. Mlango wa upana huo hauwekwi kwenye kabati. Nyuma yake pana chumba kisichopungua mita sita. Nimeombwa kutwaa chumba chenye madirisha, kilicho upande wa pili wa uwanja, wakati hiki kiko hatua nne kutoka kwenye maboksi. Sanaa imenifunza jambo ambalo ripoti tatu za chuo hazikunifunza. Swali: ndani ya mlango huo kuna nini?"

Bwana Kuhusu aliutazama ukuta. Kikombe chenye mfuniko ni chake.

Mama Rangi hakuutazama ukuta. Alinitazama mimi, kwa sababu alijua, na alijua kwamba mimi najua. Ufunguo wa kufuli lile ulikuwa mfukoni mwangu, jirani na kalamu nyekundu.

"Kuna nini?" Mwenyekiti aliuliza tena.

Ningeweza kujibu "nyaraka muhimu." Ni jibu zuri sana. Limenusuru vyumba vingi. Lakini lilikuwa ni "Nzuri sana" iliyovaa tai, na fundi cherehani alikuwa amesimama pale pale akinisubiri.

"Majaribio na mitihani, Mheshimiwa. Ya miaka kumi na tisa. Imepangwa kwa mwaka, kisha kwa darasa, kisha kwa namba ya mtahiniwa. Imefungwa kwa kamba."

"Kanuni inasema ihifadhiwe miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Kuna aliyewahi kuja kuitafuta?"

"Mmoja."

"Alitafuta mwaka gani?"

"Alikuwa amekosea mlango, Mheshimiwa."

Foleni ilicheka, na mtu wa kwanza kucheka alikuwa seremala. Nilikivuta kitabu. Niliyasoma yale maoni mara ya pili, nikitafuta pa kupunguza alama moja, au hata nusu. Namba ya picha alitaja. Jina alitaja. Vikombe alihesabu. Ushahidi ulikuwapo, hoja ilitokana na ushahidi, na hoja hiyo ilikuwa inanitoa mimi chumbani mwangu. Nikaandika *10/10*. Mkono, ambao Jumatano ile ulikwenda bila kuulizwa, safari hii ulihitaji kusukumwa.

Mwenyekiti aliitazama ile kumi kama fundi alivyoitazama ya kwake. "Kompyuta ziingie hapo," alimwambia Bwana Kuhusu, "na huyu mama abaki na madirisha yake." Kisha akaingia ukumbini, na matarumbeta yakapiga kwa midomo mikavu, vibaya kweli kweli. Alikaa mpaka mwisho, akatoka, akaandika hivyo hivyo kitabuni, na akataja vipande vilivyoharibika.

Wiki ya tano wanafunzi walibeba miaka yangu kumi na sita iliyozidi kanuni katika magunia. Mama Rangi aliomba karatasi zote, akazilowesha kwenye mapipa nyuma ya chumba chake, kwa kuwa msimu ujao anataka kufundisha uchongaji wa karatasi iliyopondwa. Nilisimama nikatazama mwaka wangu wa kwanza wa kazi ukigeuka uji. "Usihuzunike, Shemeji," alisema, mikono ikiwa ndani ya pipa mpaka viwiko. "Hawa watoto hawakuwahi kufinyangwa vizuri hivi."

Siku ya mwisho ya wiki ya sita, meza ilipokuwa inaondolewa, alinishika kiwiko na kunigeuza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziona picha zile. Nilikwenda moja kwa moja kwenye namba ishirini na mbili. Niliisoma kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, kama inavyopasa, kisha nikaandika maoni yangu kitabuni: kwamba kazi ni safi, vipimo vya maboksi ni sahihi, lakini mchoraji amebuni ufa mpana kati ya mlango wa stoo na fremu yake, upande wa bawaba. Mlango ule nimeufungua na kuufunga kwa miaka kumi na tisa. Hauna ufa.

Mama Rangi alininyooshea kiganja. Nilimpa kalamu nyekundu. Akaandika *4/10*, na pembeni: *Nenda ukaangalie.*

Nilikwenda. Maboksi hayakuwapo tena koridoni, na vikombe vya chai vilikuwa vimehamia dirishani. Nilisimama mbele ya mlango. Ufa ulikuwapo, upande wa bawaba, upana wa kidole, na kingo zake zimelainika kwa uzee. Niliinama nikachungulia. Ndani, kwenye mwanga wa bluu wa kioo cha kompyuta, msichana wa mwaka wa kwanza aliinua kichwa akaliona jicho langu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

"Marahaba. Endelea na kazi."

Nilirudi kwenye picha, nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Ndani ya ufa ule uliochorwa kulikuwa na mistari midogo niliyodhani ni vumbi la mkaa. Haikuwa vumbi. Zilikuwa kamba zangu, fundo baada ya fundo, bunda juu ya bunda, na kila fundo limefungwa upande wa kulia, kama ninavyofunga mimi.

Nilimwomba Mama Rangi kalamu.

"Ya rangi gani?" aliuliza.

"Ya bluu," nilimwambia. "Nafanya masahihisho."